Mtani wa Nyumba ya Umeme

Nilifika Dar es Salaam nikiwa na shati lenye matundu ya moto. Meli ilinitoa kwetu, upande wa magharibi wa ziwa, ikanishusha Mwanza, na Mwanza nikapanda gari la moshi, behewa la daraja la tatu lisilokuwa na vioo madirishani. Gari lile lilikula kuni. Lilisimama porini mahali pasipo na hata kibanda, pana magogo tu yaliyopangwa kando ya reli hadi kupita kimo cha mtu, na wanaume wakatokea nyuma ya magogo, wakayarusha mpaka yakaisha, wakarudi walikotoka. Tulipoondoka, cheche ziliingia ndani. Mama mmoja wa Kisukuma aliyekaa mbele yangu alikuwa na kazi moja tu safari nzima, kuzima cheche kwenye nguo za mwanawe, na kila alipomaliza alinitazama akasema, "Nawe unaungua, kijana." Mimi nilikuwa natazama nje. Kila tulipokaribia stesheni kubwa msitu ulikuwa umerudi nyuma, visiki vitupu hadi vilimani, na nilijiuliza gari hili litakula nini litakapokuwa limekula vyote.

Nilikuwa kijana, nimemaliza shule ya serikali huko bara, na sikuwa na sababu ya kwenda Dar es Salaam ila kwamba sikuwa nimefika. Nimeishi hivyo mpaka leo, na nywele zimeanza kugeuka. Lakini katika miji yote niliyopita, huo ndio ninaourudia ninapokuwa peke yangu.

Kariakoo ya wakati ule ilikuwa mchanga. Mchanga barabarani, mchanga uani, mchanga ndani ya wali. Nyumba zilikuwa za miti na udongo, paa za makuti, na pale makuti yalipooza watu walitia viraka vya madebe ya mafuta ya taa yaliyokunjuliwa, hata adhuhuri mtaa mzima ukawa unameta. Nilipanga chumba nyuma ya soko, katika nyumba ya bibi mmoja wa Kimanyema. Katika chumba kilichotazamana na changu alikaa Mnyamwezi mmoja, mtu mnene mwenye sauti ya kujaza ukumbi, aliyefanya kazi ya kutia kuni katika nyumba ya umeme, upande wa reli. Siku ya kwanza alinitilia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akaniuliza kama ni kweli kwamba watu wa migombani hufundishwa kusoma kwa sababu hawana nguvu za kulima. Nilikasirika. Baadaye nikajua kuwa alisema na kila mtu hivyo, na kwamba watu walimpenda kwa ajili hiyo hiyo.

Kazi niliipata kwa wazazi waliochangishana na kufungua shule yao, darasa moja katika nyumba ya udongo yenye baraza pana. Walimu tulikuwa wawili. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa pwani, mpole, kanzu yake nyeupe wakati wote, miwani yake ya waya imefungwa uzi upande mmoja. Yeye alifundisha dini, hesabu na mwandiko. Mimi nilipewa Kiingereza na kile walichokiita elimu ya vitu, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia vitu gani, nilifundisha nguvu. Nilitaka watoto wajue kinachosukuma vitu viende: gari la moshi, tanga, kinu, taa.

Hatukuwa na vyombo. Tuliteka maji katika vyungu viwili vinavyolingana, kimoja tukakipasha kwa makaa katika seredani, kingine kwa makumbi ya nazi, na watoto wakabishana ni kipi kitatangulia kuchemka, wakapuliza moto wa upande wao mpaka macho yakawa mekundu. Tuliwasha vibatari viwili, kimoja cha mafuta ya nazi na kimoja cha mafuta ya taa, tukavifunika kwa karatasi nyeupe tuone moshi wa kipi ni mweusi zaidi. Tulikunja karatasi ziwe feni, tukazichoma kwa mwiba juu ya vijiti na kwenda nazo Kivukoni kwenye upepo. Mwalimu mkuu alituazima miwani yake tukachoma jani kwa jua, na aliposikia harufu ya moshi aliinyang'anya akaivaa upesi, kana kwamba tungemchoma macho.

Kila mara niliuliza swali moja: hiki kinakula nini? Sikuwaambia jibu. Nilitaka waondoke nalo mpaka nyumbani. Tulikwenda kwa Mshihiri mmoja aliyekuwa na kinu cha kukamua ufuta, na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni akikizunguka tangu asubuhi. Nikauliza, kinakula nini? Wote wakasema kinakula ufuta. Kijana mmoja akasema hapana, ufuta kinautafuna tu, kinachokula ni ngamia. Mshihiri alicheka sana. Mimi nilimtazama ngamia, mbavu zake, nikaona kijana amesema kweli.

Kijana huyo alikuwa Mzaramo, mrefu kupita wenzake, mtoto pekee wa mama muuza vitumbua aliyekaa na kikaango chake karibu na lango la soko. Baba yake alikuwa amekufa. Mama alimnyoa kichwa mwenyewe na kumfulia shati lake moja kila jioni, na nilipopita asubuhi aliniuliza kwa sauti ya chini kama mwanawe anashika masomo. Nilimjibu anashika kupita mwalimu. Alifurahi, akaficha uso kwenye moshi.

Miezi ile mji ulikuwa umeingiwa na hofu. Ilianza wachuuzi walipokosa kumwona mchukuzi mmoja wa sokoni, mtu wa kuja, asiye na ndugu. Labda alikwenda kwao. Lakini watu walisema amechukuliwa na mumiani. Sisi wa bara tulikuwa hatujalizoea neno hilo: ni watu wanaosemekana kukamata wenzao, kuwaning'iniza na kuwatoa damu, nayo hupelekwa mahali ikafanywe dawa. Hakuna aliyemwona mumiani. Kila mtu alimjua mtu aliyeponea chupuchupu. Walisema gari lao ni jekundu, na kweli mjini kulikuwa na gari jekundu la kuzimia moto, lililopita Kariakoo mara chache na kuacha mtaa mtupu nyuma yake. Wanawake waliacha kuvuka uwanja wa Mnazi Mmoja jua likishaelemea. Watoto walikuja shule kwa makundi wameshikana mikono. Nyumba ambazo zamani ziliacha mlango wazi mpaka isha zilifunga kabla ya magharibi, na ukipita ulisikia komeo moja baada ya jingine.

Mwalimu mkuu aliniambia wakati ule si wa kuzungusha watoto. Nilimwambia bado sehemu moja tu. Taa za umeme zilionekana kutoka kwetu kila jioni, Uzunguni na Uhindini, na Kariakoo tulikuwa na vibatari. Watoto waliniuliza kila siku zile zinakula nini. Jirani yangu Mnyamwezi alikwishamwomba Mzungu wake, na Mzungu alikuwa ameitikia, mradi tusiguse kitu. Mwalimu mkuu alisema sawa, akasoma dua fupi barazani kabla hatujaondoka.

Tulisikia nyumba ya umeme kabla ya kuiona. Ilivuma chini, miguuni. Ndani joto lilitupiga usoni, na watoto wakajibana nyuma yangu. Jirani yangu alikuwa kifua wazi mbele ya tanuru, jasho likimchuruzika, mwenye furaha ya mtu anayepokea wageni kwake. Alifungua mlango wa chuma wakaona moto, akatupa gogo la mkoko, akafunga. Alieleza vizuri: kuni zinachemsha maji ndani ya lile pipa kubwa la chuma, maji yanakuwa mvuke, mvuke unakwenda huko. Akaonyesha kwa mkono. Huko kulikuwa na mabomba yaliyopakwa rangi nyekundu, yakipanda ukutani na kuingia chumba kingine, na mlango wa chumba hicho ulikuwa umefungwa.

Kijana mrefu akauliza, "Kuni zinaingia hapa. Taa zinawaka kule mjini. Katikati kuna nini?"

Jirani yangu hakujua. Alikwishaniambia zamani kwamba katika miaka yake yote hakuwahi kuruhusiwa kuingia chumba kile, kazi yake ni moto tu. Lakini alipojua kijana ni Mzaramo, uso ulimchangamka.

"Katikati kuna Wazaramo," alisema. "Tunawakamua humo. Nawe mtani wangu umenawiri, una damu ya kutosha. Baki hapa leo, Kariakoo nzima wapate taa."

Kijana hakusita hata kidogo. "Damu yangu ni safi, itazima moto wenu. Mkamue Mnyamwezi, amejaa mafuta ya panya."

Wakacheka wote wawili, wakapigana viganja. Mimi nilishtuka. Kwetu mtu hutaniana na shemeji zake. Utani wa kabila na kabila niliukuta pwani, nami nilikuwa sijauelewa. Wanyamwezi walishuka na misafara ya mizigo toka enzi za babu, wakapita Uzaramo, na tangu hapo wao kwa wao wana ruhusa ya kuambiana lolote, hata msibani, hata mbele ya maiti, na asiyejibu ndiye aliyekosa adabu. Ila ruhusa ni yao wawili. Nyuma ya kijana walisimama watoto wa Kimanyema, wa Kiyao, wa Kishihiri, wa watu waliotoka huku na huku, ambao hawakuwa watani wa mtu yeyote mle ndani. Hao hawakucheka. Walikuwa wanatazama mabomba.

Njiani kurudi hawakuimba kama kawaida yao.

Kesho yake nusu ya darasa haikuja. Siku iliyofuata walikuja wachache zaidi, na kijana mrefu hakuwemo siku zote mbili. Nilipopita langoni pa soko, mama yake alikuwepo kwenye kikaango lakini hakunitazama. Nilimsalimu, akaitikia kwa kugeuza kitumbua kilichokuwa hakijaiva. Wateja walimwuliza mwanao yuko wapi, mbona hapiti. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. Moshi ule ulitosha kumfanya mtu afute macho, lakini waliomwona walikwenda kusema kwamba mama analia na hataki kusema analilia nini.

Hilo lilitosha. Mtaani wakaunganisha wenyewe: watoto walipelekwa nyumba ya umeme, ndani kuna mabomba mekundu, kuna chumba kilichofungwa, mtia kuni alimchagua mmoja mbele ya wenzake, akamwambia abaki, na sasa huyo haonekani. Kila neno lilikuwa la kweli. Watoto wangu walieleza kama nilivyowafundisha, walichokiona na walichokisikia, bila kuongeza.

Nyumbani kwetu bibi mwenye nyumba alihamisha mkeka wake kutoka karibu na mlango wa Mnyamwezi, akautandika upande wangu. Wapangaji wengine waliacha kutumia kata ya maji ya Mnyamwezi. Asubuhi moja tulikuta mlango wake umepakwa udongo mwekundu, alama ya kiganja. Aliufuta huku akicheka, akauliza ni nani anayemposa. Jioni yake alipika ndani, mlango umefungwa, na moshi ukatoka chini ya mlango. Nilimshauri alale kazini kwa siku chache. Alisema akikimbia atakuwa amekiri. Halafu akasema, bila sauti yake ile, kwamba kijana akionekana yote yatakwisha, na kwamba Ijumaa baada ya sala watu watakuwa hawana kazi.

Nilikwenda kwa mama muuza vitumbua chumbani kwake, mchana. Alinifungulia nusu ya mlango. Nilimweleza yanayosemwa, naye alikwishayasikia yote, na macho yake hayakuwa macho ya aliyefiwa. Ndipo nikaelewa.

"Umempeleka wapi, mama?"

Alinivuta ndani. Alisema usiku ule ule mwanawe aliporudi na kumsimulia kwa kicheko, yeye hakucheka. Anaujua utani, lakini mumiani naye angesema hivyo hivyo, akijificha ndani ya utani. Alfajiri alimtia kijana mkononi mwa watu wanaokwenda Kisarawe, wamfikishe shambani kwa bibi yake. Hakumwambia mtu. Akisema alipo, watamfuata.

"Mama, watamuua mtu asiye na kosa."

"Mimi ninaye mmoja," alisema. "Yule naye ana mama yake, atamlilia."

Nilikaa kitandani kwake bila kukaribishwa. Nilimwambia aseme tu kwamba mtoto yu mzima, asiseme yuko wapi. Alisema watamwambia awaonyeshe. Nilimwambia nitasema mimi. Aliniuliza nani ataniamini, mimi niliyewapeleka. Nje mtu alikuwa anauza mkaa kwa kuimba. Mwisho alisema, akitazama ukuta, kwamba yeye hasemi na hatasema, lakini mtu akiwa na miguu yake hakatazwi kwenda kumsalimu mwenye mji, ukishapita soko la Kisarawe, kwenye mikorosho, nyumba yenye kinu cha mpingo mlangoni.

Niliondoka Alhamisi asubuhi kwa miguu, njia ya Pugu. Sikumwambia mwalimu mkuu. Jirani yangu nilimwambia tu ajifungie. Nilipofika, jua lilikuwa linaelekea vilimani, na bibi alikuwa anamenya mihogo. Nilimwambia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunikaribisha. Kijana alitokea nyuma ya nyumba, akaniona, akataka kunikimbilia, bibi akamzuia kwa kisu kile kile cha mihogo, akakinyoosha tu.

Aliniuliza kama mimi ndiye mwalimu. Nikasema ndimi. Akasema nieleze kilichosemwa, neno kwa neno, kwa sababu mkwe wake amempelekea hofu bila maneno. Nikaeleza. Nilipofika kwenye damu ya kutosha aliweka kisu chini. Nilipofika kwenye mafuta ya panya alicheka mpaka akashika ubavu, akamvuta mjukuu wake akampiga kofi la mapenzi kisogoni. Kisha nikamwambia kwamba huyo Mnyamwezi huenda akauawa, akaacha kucheka.

"Na akina nani wanataka kumuua?"

Nikasema watu wa mtaani, wa kila namna.

"Wazaramo wamo?"

Nikasema sijui, huenda wamo.

"Mtani wangu nitamtukana mwenyewe," alisema. "Hao wengine nani kawaalika?"

Lakini giza lilikuwa linaingia, na njia ya Pugu hakuna aliyeipita usiku miezi ile, hata yeye. Alinipa mihogo na mkeka. Sikumbuki kama nililala.

Ijumaa tulingoja lori la mkaa. Lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa limejaa magunia hadi juu, na dereva alikataa, kisha bibi akamwambia jambo kwa Kizaramo ambalo kijana alikataa kunitafsiria, tukapanda. Pugu lilisimama tena kupoza maji. Nilisikia adhana ya Ijumaa mahali fulani njiani, nikajua kwamba wakati watu wanatoka msikitini sisi tutakuwa bado.

Tulishuka sokoni wote watatu, weusi kwa vumbi la mkaa. Langoni mama hakuwepo kwenye kikaango. Mafuta yalikuwa yanaungua peke yake. Tuliingia mtaani kwetu na sikuhitaji kuonyesha nyumba.

Watu walikuwa wengi lakini hawakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitia baridi. Walisimama kama wanaongoja maiti itolewe. Bibi mwenye nyumba alikuwa upande wa pili wa njia, na vitu vyake vyote nje: kitanda, vyungu, mkeka, kuku ndani ya tenga. Wapangaji walikuwa wamekwishatoa vyao. Hata sanduku langu lilikuwa pale mchangani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na ndani ya ukumbi mlango mmoja tu ulikuwa umefungwa. Ukutani, kando ya mlango wa mbele, chini ya makuti, mtu alikuwa ameweka debe la mafuta ya taa. Halikuwa na mtu karibu yake. Kila mmoja alisimama mbali nalo, asije akaonekana ni lake.

Kijana alipita mbele. Wa kwanza waliomwona walirudi nyuma. Mtu mmoja akasema ndiye. Mwingine akasema, tazameni alivyo, amekwishakamuliwa, hao huwarudisha hivyo hivyo, wakikaa siku chache wanakufa. Mama yake alitokea katikati ya wanawake, akamshika kichwa, akampapasa mikono na shingo kutafuta tundu la sindano mbele ya watu wote. Hakuliona. Wapo waliosema hutoboa pasipoonekana.

Bibi hakuwajali. Aliingia ukumbini mpaka kwenye mlango uliofungwa, akaupiga kwa kiganja.

"We mbeba mizigo! Toka! Nasikia unauza Wazaramo, na mimi sijapewa fungu langu."

Watu walisogea mlangoni wasikie.

"Unajificha nini na tumbo hilo? Toka nikuone, kama hujanya humo."

Komeo likavutwa. Jirani yangu alitoka, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, na uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyeamshwa. Bibi alichota majivu kutoka seredani iliyoachwa ukumbini, akamvuta hadi mlango wa mbele, akampaka kichwani, usoni, kifuani kwenye kanzu nyeupe. Akamvua kofia akaivaa yeye. Yote hayo ni haki ya mtani, nao waliosimama nje, Wazaramo na hata wasio Wazaramo, walijua ni haki yake. Walijua pia kwamba sasa ni zamu ya mwanamume kujibu. Mtani wa kweli hujibu papo hapo. Asipojibu, hapakuwa na utani, na yale aliyoyasema nyumba ya umeme hayakuwa utani.

Alifungua mdomo, pakatoka hewa. Aliwatazama watu, akalitazama debe. Majivu yalikuwa yanamshuka puani. Mtu huyu ambaye hakuwahi kukosa neno tangu nimjue alisimama mbele ya kikongwe yule, na sekunde zikapita, nikamwona mtu mmoja karibu na ukuta akihamisha mguu.

Bibi alimsogelea. Nilikuwa nyuma yake tu, ndiyo maana nilisikia. Alimwambia chini chini, "Mwanangu, nitukane."

"Kofia..." alisema. Sauti ilikuwa kama ya mtoto. "Kofia hiyo itakuletea nywele. Mzaramo hajui kuvaa kitu asichokiiba."

Halikuwa tusi la maana. Lakini bibi aliangua kicheko kikubwa, akarukaruka na kofia ile kichwani, na nje mwanamke mmoja akacheka, kisha mzee mmoja wa Kizaramo akapaza sauti akimwambia Mnyamwezi kwamba hata kutukana amesahau, na watu wakaanza kuvunjika, wawili wawili, bila kuagana. Bibi mwenye nyumba alirudisha kuku wake kwanza.

Debe lilibaki ukutani mpaka jua linatua. Mtu alikuja akalichukua, akaenda nalo. Hakuna aliyemwuliza.

Jirani yangu alihamia nyumba ya umeme, akapewa pa kulala nyuma ya ua wa mabati. Alipita mara moja kuchukua vitu vyake, akanipa mkono, na hakunitania. Kijana alirudi kwa bibi yake. Mama alisema atasoma huko huko.

Nilidhani yamekwisha. Lakini hofu ilikuwa haijaenda popote, ilikosa tu mahali pa kukaa. Jioni za barazani walianza kusema kwamba Mnyamwezi alikuwa anatania, sawa, mtani wake amesimama akamshuhudia. Lakini watoto hawakujipeleka. Aliwapeleka mwalimu. Na mwalimu ni mtu wa mbali, hakuna kabila mjini linalotaniana na lake, nani atasimama mlangoni kwake na majivu? Mwalimu ndiye aliyewafundisha watoto kuuliza kila kitu kinakula nini. Mtu wa kawaida huuliza hivyo kwa nini?

Darasani nilibaki na watoto wa mwalimu mkuu na wawili wengine. Niliwafundisha majina ya miezi kwa Kiingereza. Baadaye wale wawili hawakuja. Mwalimu mkuu alinikuta barazani peke yangu, akavua miwani yake, akaifuta muda mrefu. Alisema wazazi hawana neno na mimi. Alisema mimi bado kijana na nchi ni kubwa. Hakuniambia niondoke, wala sikumlazimisha aniambie.

Niliondoka mchana, kwa sababu sikutaka kuonekana natoka gizani. Sanduku lilikuwa jepesi. Mama muuza vitumbua alinifungia vitumbua kwenye jani la mgomba, akaviweka juu ya kibao nivichukue mwenyewe, akarudisha mikono yake kwenye kanga. Nilimwomba amsalimie mwanawe. Akasema atamsalimia, na wote wawili tulijua kuwa hatamsalimia.

Mtaa ulikuwa na watu kama kawaida. Walinisalimu wote, vizuri, kwa majina ya heshima, mwalimu safari njema, mwalimu Mungu akujalie. Hakuna aliyeuliza ninakwenda wapi. Watoto wachache walikuwa wanacheza njiani, wengine nilikuwa nimewafundisha. Waliponiona walisimama na kujipanga kando ya ukuta, mikono nyuma, kama nilivyowazoesha darasani mgeni akiingia. Niliwaambia waendelee kucheza. Hawakuendelea. Nilipofika pembeni nikageuka, nikamwona bibi mwenye nyumba ametoka na kata ya maji, bila shaka ya chumvi ya kufukuza mabaya, anayamwaga kizingitini nilipopita, polepole, kutoka mwimo hadi mwimo, na watoto wale wamesogea kumtazama.